Stakabadhi ya Matika

Riwaya yangu imekwama ukurasa wa mia na kumi,
mbele ya dirisha la karani, bomani Dodoma,
mwaka ambao mtama uligoma kuchanua.
Wanawake watatu wamefika kwa miguu kutoka Handali.
Nimewatembeza usiku kucha, nimewavusha makorongo makavu,
nimewapa ubuyu wa kumung'unya na kibuyu kimoja cha maji,
na sasa sijui wanasema nini.

Ninachokijua kimetoka kwenye sanduku la bati la mama:
karatasi ya ukubwa wa kiganja,
mchwa wamekula pembe mbili.
Kodi ya kibanda. Shilingi kumi.
Na jina.

Mumewe alikufa mwezi wa tatu. Matanga hayajapoa
shemeji akaja na fimbo na vijana wawili,
akaswaga ng'ombe kumi na wanne
na ndama aliyekuwa bado ananyonya.
Matika akaenda barazani. Wazee wakamsikiliza
kama watu wanavyosikiliza mvua ya kijiji kingine.
Ng'ombe ni wa ukoo, wakasema.
Tembe ni ya ukoo. Na wewe mwenyewe,
tukizungumza taratibu, ni wa ukoo.

Mwezi wa saba akaja mtoza kodi
akihesabu milango ya matembe kwa kidole chenye wino.
Kwa Matika akasimama:
"Mwenye nyumba ni nani?"
Matika akatazama nyuma yake.
Hakukuwa na mtu wa ukoo hata mmoja.
Kulikuwa na kuku, na jiwe la kusagia.

"Basi ni wewe."

Neno hilo ndilo alilolibeba.
Aliuza vikuku vyake vya shaba, akafunga shilingi kumi
kwenye pindo la kaniki.
Akampitia Nyemo, aliyeozwa kulipia deni la baba yake.
Akampitia Mbeleje, mwenye mdomo,
na Mbeleje akajitwika ngoma,
maana mkono mtupu, alisema, haubishi hodi.

Haya. Dirishani.
Katika rasimu ya kwanza Matika alihutubia.
Nikafuta; nani anahutubia na miguu imevimba?
Katika ya pili alilia. Nikaona haya, nikachana.
Ya nane ndiyo hii, na maneno yake
yanapitia kinywa cha mfagizi anayejua Kigogo na Kiswahili:

"Nikilipa, mimi ni mwenye nyumba.
Nikidai, mimi ni mke wa mtu.
Andika mmoja wao, nimjue."

Karani ana kijisanduku cha jina la mume.
Hana kingine. Anageuza kitabu, anakigeuza tena.
Nje, Mbeleje amekaa mchangani,
ngoma ameibana kwa mapaja kama wabanavyo wanawake wa kwetu.
Hapigi ya kuchezwa.
Anagonga mara moja,
ananyamaza kiasi cha mtu kujibu,
anagonga tena.

Juu ya karatasi ya mama kuna maneno mawili, *mke wa*,
yamekatwa kwa mstari.
Wino wa mstari ni mzito kuliko wa maneno.
Halafu, kwa herufi zilizobanana ukingoni:
*Matika.*

Dada yangu, anayenisomea rasimu, anauliza: na ng'ombe je?
Hawakurudi.
Mama alisimulia kwamba mwaka wa pili alirudi mtamba mmoja,
yule aliyeswagwa akinyonya;
hakuletwa na hukumu, alikuwa anaijua njia.
Dada anasema riwaya inataka ushindi.
Labda. Lakini nimerudi dirishani,
nimemkuta Nyemo bado amesimama,
mtu niliyemtembeza usiku kucha bila kumpa hata sentensi,
ameshika shauri lake kama mtu aliyeshika yai,
na karani, bila kuinua kichwa,
anachovya kalamu:

"Anayefuata."